Tupeane uzoefu: fromaji ya moto yenye pilipili kwa ajili ya sherehe

Mama_Himbi

Jambo sana bandugu. Mtoto wa dada yangu anapata komunyo yake Jumapili, na misa ikiisha watu wote wanakuja kwangu hapa Goma. Nyama, wali na sombe vina wenyewe. Mimi nimepewa kitu cha kuanzia, wakati watu wanasubiri sahani. Nataka kuweka katikati ya meza bakuli la fromaji (jibini) ya milima ya Masisi iliyookwa, ingali inachemka pembeni, yenye pilipili ya kueleweka, kila mtu achovye anachotaka.

Waliokwisha kuipika waseme. Fromaji ichaguliwe vipi? Unaizuiaje isitoe mafuta juu? Na ninyi mnaopikia mbabula, jiko la makaa, mnaokaje? Umeme wa mtaa wetu siutegemei siku ya wageni. Naomba maelezo ya mtu aliyeisugua sufuria yake mwenyewe baadaye, si ya kunakili mahali.

Muuzaji_Virunga

Mama, mimi nauza fromaji sokoni Virunga, kwa hiyo nitasema la upande wangu tu. Mteja akisikia "ya kuoka" anaomba ile ya zamani, iliyokauka, kwa sababu ina harufu kali. Hiyo nzuri kwa mkate. Kwenye moto inaachia mafuta upesi na kubaki na punje punje. Chukua changa. Ukibonyeza ubavu wake kwa kidole gumba, unarudi polepole. Ukikata, kisu kinashikwa kidogo na kipande hakivunjikivunjiki. Fromaji ya Masisi ni ndugu wa gouda ya Waholanzi, ufundi wake uliletwa na wamisionari wa Kibelgiji, na gouda changa inayeyuka bila fujo.

Kama unapenda ladha kali, changanya: robo tatu changa, robo ya zamani. Ganda lote ondoa. Ifunge kwenye kitambaa safi, si nailoni, kwa sababu ndani ya nailoni inatoa jasho na kuota ukungu. Na nunua mapema wiki hii. Barabara ya Sake, ambako fromaji inapita, ikileta matatizo Ijumaa, utaikuta bei nyingine kabisa, halafu utasema ni mimi.

Mtu_wa_Keshero

Naipika mara nyingi, watu wananiita kwenye sherehe kwa sababu yake, basi naandika yote.

Kwa watu 8 hadi 10 wanaochovya kwa adabu (wakiwa vijana, zidisha mara mbili): fromaji gramu 300, maziwa robo lita, siagi vijiko 2 vya chakula, unga wa ngano vijiko 2, mtindi mzito usio na sukari kama gramu 150, kitunguu 1, vitunguu saumu punje 3, nyanya 1 ngumu, pilipili.

Mtindi uchuje usiku kucha kwenye kitambaa juu ya bakuli. Asubuhi unakuta kitu kizito cha kupakaa, na ndicho kinachoshika nafasi ya ile jibini laini ya kopo ambayo maelekezo ya Wazungu yanadai na dukani bei yake inauma. Nyanya toa mbegu na maji yake, vinginevyo chini ya bakuli kutakuwa na bwawa.

Kaanga kitunguu, saumu na pilipili katika siagi, moto mdogo, hadi kitunguu kilegee bila kubadilika rangi. Tia unga, koroga dakika moja au mbili ule ubichi uishe. Maziwa yaingie kidogo kidogo huku unakoroga. Yakishakuwa mazito na yamechemka, ipua. Narudia: ipua, sufuria ikae mezani, hesabu dakika mbili, ndipo fromaji iliyokwaruzwa iingie, konzi moja moja, kila konzi iyeyuke kabla ya nyingine. Fromaji haitaki kuchemka. Joto likizidi, protini zake zinajikaza kama ngumi na kukamua mafuta nje, na hayo ndiyo mafuta unayoyaona juu. Unga unasaidia kuzitenganisha zisishikane. Mwisho mtindi, nyanya, onja, ndipo ufikirie chumvi, maana fromaji ina yake tayari.

Mimina kwenye bakuli la udongo au la kioo cha kuvumilia moto, nyunyiza fromaji kidogo juu, oveni ya 180, dakika 20 hivi. Pembeni pakianza kutoa mapovu na juu pakiwa na madoa ya kahawia, toa.

Kwa watu wa umeme ndiyo hivyo. Mbabula nawaachia wenyewe.

Sambaza_Moto

Umeandika yote ukasahau la muhimu: inachovywa na nini? Mkate kila mtu anajua. Mimi naweka sambaza, samaki wa ziwa letu. Zile ndogo, zimeanikwa kidogo, zimepitishwa kwenye unga wenye chumvi na kukaangwa hadi unaweza kuzisikia zikivunjika. Unashika mkia, unachovya kichwa. Asubuhi mapema, soko la Kituku kando ya ziwa, unazipata zingali zinang'aa. Wageni waliotoka Kinshasa walikaa upande wa sambaza hadi sahani ya wali ikapoa.

Baba_Mapacha

Mbabula, haya.

Unahitaji sufuria kubwa ya aluminiamu yenye mfuniko bapa, mkubwa kuliko mdomo wa sufuria ili majivu yasidondoke ndani. Chini ya sufuria panga mawe madogo matatu ya volkano, yale mepesi yenye matundu. Goma hatukosi, mengine yako uani tangu 2002. Lakini yawe makavu kabisa, yaliyokaa jikoni siku nyingi. Jiwe lililonyonya maji ya mvua likipata moto linaweza kupasuka, na sufuria yako ikaondoka nalo. Asiyeyaamini mawe atumie vifuniko vya chupa vya bati vilivyogeuzwa, au mchanga mkavu wa vidole viwili.

Washa makala (makaa) mapema, yashike yote, moshi uishe. Ondoa karibu theluthi mbili, bakiza kidogo chini. Funika sufuria tupu ipate joto kwanza, kama dakika kumi. Ndipo bakuli liingie juu ya mawe, funika, na yale makala uliyoondoa yapange juu ya mfuniko, mengi pembeni, machache katikati. Joto kubwa litoke juu. Hapo ndipo watu wengi wanapinda njia: wanaacha moto wote chini, fromaji inaungua kitako na juu inabaki nyeupe kama haijaguswa.

Ya kwangu inachukua nusu saa kasoro. Usifungue kila saa. Sikiliza tu, ikianza kutoa mlio wa taratibu, blup, blup, inua mfuniko kwa koleo, ukiwa umesimama upande ambao upepo hautokei. Majivu ndani ya fromaji hayaondoki.

Mama_Himbi

Baba Mapacha, aksanti kabisa. Mfuniko wangu umebonyea katikati, makala yatakaa?

Baba_Mapacha

Yatakaa vizuri zaidi, mama. Ila yatajikusanya katikati, basi yasukume pembeni kila baada ya muda.

Yaya_Kadutu

Aksanti kwa mada. Niko Bukavu, na huku fromaji ya Masisi inatufikia na mashua, kwa hiyo siku nyingine ipo na siku nyingine tunaangalia ziwa. Nimejaribu na mashanza ya Bushi, ile nyeupe inayotoka Kabare na Walungu. Niwaambie ukweli: mashanza haiyeyuki. Inapata moto, inalainika, lakini inabaki na chembechembe zake. Jibini inayogandishwa na uchachu wa maziwa yenyewe ndiyo tabia yake, tofauti na ile inayogandishwa kwa dawa ya tumbo la ndama. Usishindane nayo kwa kuongeza moto.

Ninachofanya: mashanza naisaga na maziwa ya uvuguvugu hadi iwe laini, naitumia mahali pa ule mtindi wa Mtu wa Keshero. Inaleta uzito na uchachu fulani mzuri. Ya kuvutika naitafuta kwenye fromaji ya Masisi kidogo nilichonacho, pamoja na vipande 4 au 5 vya La Vache qui rit, ile fromaji laini ya kiwandani. Msicheke. Ile ina chumvi maalumu za kiwandani zinazozuia mafuta kujitenga, na ukiiweka hata kidogo, sufuria nzima inatulia.

Mtu_wa_Keshero

Yaya, heshima yako, lakini Vache qui rit kwenye fromaji ya Masisi ni kumwagia maji divai.

Yaya_Kadutu

Mdogo wangu, wewe una fromaji mlangoni. Panda mashua tuongee.

Lushois_wa_Kamalondo

Lubumbashi tunawasoma kwa wivu. Huku tunanunua gouda na cheddar zinazopanda kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa, zimefungwa vizuri lakini hazina yale majani ya milima. Zinayeyuka sawasawa, sina lawama. Cheddar ile kali ndiyo ya kuangalia, inaachia mafuta haraka kuliko gouda.

Nina mawili. Kwanza, pilipili mnaziogopa. Ukali wa pilipili unayeyuka katika mafuta, si katika maji, na hapa una siagi na fromaji vyote vinaumeza. Mchuzi ukiuonja kabla ya fromaji kuingia na ukasema "hapa sawa", ukitoka kwenye oveni utakuwa wa watoto. Uwe umekuzidi kidogo mwanzoni. Mimi nazikaanga kwenye siagi zikiwa zimekatwa ndogo sana, halafu nabakiza moja mbichi ya kunyunyiza juu wakati wa kupeleka mezani. Ile ya mviringo, ya njano, ina harufu kama ya matunda, na inapatana na fromaji kuliko ile nyembamba nyekundu.

La pili: finkubala. Viwavi vikavu, viloweke, vichemshe, vikaushe, vikaange na chumvi. Chovya. Aliyekulia Katanga hatauliza swali. Wageni wengine waache wafikiri ni kitu kingine hadi watakapomaliza.

Mama_Himbi

Finkubala kwa komunyo, na mama mkwe wa dada yangu akiwa mezani? Kaka, unataka nihame mji.

Pilipili nimesikia. Kutakuwa na watoto, basi nafikiria mabakuli mawili.

Sambaza_Moto

Mawili, ndiyo. Na la watoto liwe dogo, vinginevyo watu wazima wanaoogopa pilipili watajificha huko na kulimaliza.

Mwana_Ndosho

Mimi natetea viazi, naona vimesahauliwa. Viazi vya Masisi vya maganda membamba, vichemshe na maganda yake, vikate nusu, vipitishe kwenye mafuta ya moto upande uliokatwa. Vinashika fromaji kuliko mkate, na havivunjiki ndani ya bakuli. Kumbukeni tu kwamba hapa tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, basi muda ulioandikwa kwenye kitabu cha watu wa pwani hautoshi. Choma na uma kabla ya kumwaga maji. Makemba (ndizi za kupika) ya kukaanga pia, yale yaliyokatwa membamba, ila lazima yawe mabichi. Yaliyoiva yana sukari na hayaendani na saumu.

Na kwa unga: ninayo shangazi asiyekula ngano, ninatumia wanga wa mahindi, kijiko kimoja badala ya viwili. Sipiki na siagi hapo, naukoroga kwenye maziwa baridi kwanza ndipo naupeleka motoni. Inatoka inang'aa zaidi na nyepesi kidogo. Kwangu mimi afadhali hiyo kuliko ya ngano, ingawa najua nitapingwa.

Mtu_wa_Keshero

Sipingi. Ila ikipoa ile ya wanga inakuwa kama gundi, ya ngano inavumilia zaidi. Kama watu wako wanakula haraka, wanga ni sawa.

Mama_Himbi

Swali la mwisho. Jumapili asubuhi niko kanisani na misa ya komunyo haina saa ya kuisha. Naweza kupika Jumamosi?

Mtu_wa_Keshero

Unaweza, na ni bora. Jumamosi jioni pika hadi pale fromaji imeyeyuka na mtindi umeingia. Nyanya usiweke, itatoa maji usiku. Mimina kwenye bakuli, acha lipoe, funika, weka kwenye friji. Usiliache mezani usiku kucha eti Goma kuna baridi. Chakula cha maziwa kikishakaa nje zaidi ya muda wa saa mbili sikiamini tena. Jumapili litoe likae nje nusu saa, hasa kama ni la kioo, maana kioo kilichotoka kwenye baridi na kuingia motoni moja kwa moja kinapasuka. Changanya nyanya, maziwa vijiko 2 au 3 kwa sababu litakuwa limekaza, fromaji ya juu, kisha moto.

Baba_Mapacha

Kwa mbabula ongeza dakika kumi, kwa kuwa katikati patakuwa bado baridi. Na mwachie mtu wa nyumbani kazi ya kuwasha makala misa ikielekea mwisho, asisubiri mpaka mfike. Akiona wageni wa kwanza wanaingia ukumbini ndipo bakuli linaingia kwenye sufuria. Mezani liweke juu ya ubao, pamoja na kijiko, kwa sababu kuna mjomba mmoja kila familia anayechovya kitu kilekile mara mbili.

Mama_Himbi

Huyo ninamjua. Nitamwekea kibakuli chake pembeni, na sambaza zake.