Masta ya sosholojia au anthropolojia: Mlimani, Uingereza au Ujerumani? Tulinganishe

Mwanamwani
Habari zenu wanajukwaa. Nina shahada ya sosholojia, GPA 3.6, na huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi na wakulima wa mwani pwani ya mashariki ya Unguja. Utafiti ninaoutaka naujua. Akina mama wa Paje na Jambiani mwani wao wa cottonii unakufa kwa sababu maji ya kina kifupi yamepata joto. Wanaambiwa wahamie kwenye kina kirefu, na wengi wao hawajui kuogelea. Sasa nani atafundishwa kuogelea, boti ni ya nani, na pesa ya mavuno inaishia mkononi mwa nani? Hayo ndiyo nataka kuyaandika.

Nimebakiwa na njia tatu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani) kwa kujilipia, Uingereza kwa Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, au Ujerumani. Naombeni mnilinganishie, na msiishie kwenye ada.

Kaka Mtafiti
Dada, hongera, wengi huanza na jina la chuo halafu ndiyo watafute cha kutafiti.

Mimi nimepita Uingereza. Chevening inalipa ada, nauli na posho ya kujikimu. Inataka saa 2,800 za kazi, ambazo ni kama miaka miwili, na hizo unazo. Unachagua kozi tatu, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka miwili. Dirisha hufunguliwa Agosti, na insha wanazotaka ni za uongozi na mahusiano ya kikazi, kwa hiyo anthropolojia yako pale haitakubeba peke yake.

Shida ni muda. Masta ya kule ni mwaka mmoja. Unaingia Septemba, madarasa na mitihani hadi masika, kisha tasnifu kwa miezi ya kiangazi. Wakulima wa mwani, kama unavyojua kuliko mimi, huenda shamba maji ya bamvua, bahari inapokupwa sana, siku chache tu kila baada ya wiki mbili. Maji mafu, yasiyokupwa sana, hakuna wa kumfuata baharini. Ukitoa wiki za vibali na wiki za kuandika, bamvua utakazoziona zinahesabika kwa vidole, na ile ya kwanza bado wewe ni mgeni, kila mtu anakujibu kwa adabu tu. Kwa mahojiano inatosha. Kwa etnografia, yaani kuishi na watu na kuyaona maisha yao, ya nani anashika pesa ya nani, haitoshi.

Binti Mvita
Naongezea Ujerumani dadangu, niko huku. Masta nyingi ni miaka miwili, na hapo bamvua utazishuhudia za kutosha. Bayreuth na Leipzig wana taaluma za Afrika zenye mizizi na Kiswahili kinafundishwa, kwa hiyo msimamizi anayeielewa pwani unaweza kumpata. Vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalotoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa semista.

Lakini neno "bure" lisikudanganye. Kwa viza bila mfadhili unatakiwa uonyeshe euro 11,904 za mwaka mzima kwenye akaunti maalumu, na benki inakuachia 992 tu kila mwezi. Hapo ndipo familia nyingi zinauza kiwanja. DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili wanafunzi, kupitia mpango wake wa EPOS inaondoa mzigo huo, ila ina orodha yake ya kozi, nyingi za maendeleo. Ukitaka anthropolojia tupu utaisoma orodha kwa subira. Pia inataka uzoefu wa kazi miaka miwili, na shahada isiwe na zaidi ya miaka sita.

Usisahau Erasmus Mundus, masta za pamoja za Umoja wa Ulaya: ukipata ufadhili wake hulipi ada, na posho ni euro 1,400 kwa mwezi. Tazama Global Studies inayoratibiwa Leipzig, na EMMIR ya Oldenburg kuhusu uhamiaji. Hakikisha tu kama mwaka unaoomba zina nafasi za ufadhili. Unahamahama nchi, ndiyo, lakini ni miaka miwili iliyolipiwa.

Mzee wa Mlimani
Binti yangu, mbona Mlimani mnaipita haraka hivyo? Idara ya Sosholojia na Anthropolojia ipo, na maprofesa wake wanaijua nchi hii kijiji kwa kijiji. Mwanafunzi wa pale hupewa barua ya utafiti na chuo chenyewe, wakati wa nje anapanga foleni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia inayotoa vibali vya utafiti. Kwa kuwa unakwenda Unguja, Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali, na safari inaishia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji. Hilo litakukuta hata ukitokea Leipzig, basi lipangie muda.

Ufadhili wa kusoma hapahapa pia upo. DAAD ina mpango wa kusomesha watu ndani ya nchi na ndani ya kanda. Bodi ya mikopo usiitegemee kwa uzamili, sehemu kubwa ya fedha zake ni za shahada ya kwanza.

Ninachokushauri: andika kwanza andiko la kurasa mbili, kisha lipeleke kwa mwalimu mmoja kila upande. Atakayekujibu kwa maswali, siyo kwa pongezi, huyo ndiye wa kumfuata.

Msafiri44
Mwenye ndoto ya PhD asiitupe Marekani. Masta ya anthropolojia kule mara nyingi unajilipia, na ni ghali mno. Lakini PhD nyingi zinapokea mtu mwenye shahada ya kwanza, zinamlipia ada na kumpa posho kwa miaka kadhaa, na masta anaipata njiani. Ushindani ni mkali, ila andiko kama la Mwanamwani linasomeka.

Mwanamwani
Nimewaelewa, ahsanteni sana. Hoja ya bamvua imenigusa, Uingereza naiweka pembeni. Naomba Erasmus Mundus na EPOS, na Mlimani naomba pia mwaka huohuo, siyo kama akiba ya kujifariji. Swali la mwisho: barua za wadhamini. Mwalimu wangu wa chuo ana wanafunzi mamia, atanikumbuka?

Kaka Mtafiti
Mkumbushe. Mpelekee mwezi mzima kabla ya tarehe ya mwisho: transkripti, kurasa zako mbili, kichwa cha kazi uliyomwandikia darasani na alama aliyokupa. Barua ya pili mwombe msimamizi wako wa kazi, aeleze jambo moja aliloliona kwa macho yake, kwa mfano kikao cha wakulima ulichokiendesha. Halafu kurasa hizo mbili zibandike hapa, tuzipitie pamoja kabla hujazituma.