Shahidi wa kawaida mbele ya jopo la nidhamu: asaidiwe hadi wapi?

Mleta mada:
Wadau, naleta hili kwa mfano wa Uingereza. Malalamiko dhidi ya daktari yanachunguzwa na General Medical Council, yaani Baraza linalosajili na kusimamia madaktari. Yakiwa mazito yanasikilizwa na jopo la Medical Practitioners Tribunal Service, chombo kilichoundwa 2012 ili anayeshtaki asionekane ndiye anayehukumu. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwamba aliyeumizwa si upande katika shauri. Pande ni Baraza na daktari, na kila mmoja anaweza kuwa na wakili. Mgonjwa ni shahidi tu: anaitwa, anahojiwa, anaondoka. Yule wakili anayemwongoza kutoa ushahidi ni wa Baraza, si wake. Uamuzi ukitoka, daktari anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Mgonjwa hawezi. Akiona adhabu ni nyepesi, atabaki kutumaini kwamba wengine watalipeleka shauri mahakamani, kwa mfano Professional Standards Authority, chombo kinachoyasimamia mabaraza ya taaluma za afya, kwa kifungu cha 29 cha sheria ya 2002 ya mageuzi ya huduma na taaluma za afya.

Nasema apewe mtu wa kumsaidia asiyeajiriwa na Baraza, tangu siku ya malalamiko hadi baada ya uamuzi. Nani anapinga?

Mchangiaji wa 1:
Mimi ni muuguzi, na napinga nusu. Tangu 2008 mabaraza ya madaktari na wauguzi huko hayatumii tena kiwango cha ushahidi cha kesi za jinai. Inatosha jopo lione kwamba jambo lina uwezekano mkubwa wa kutokea kuliko kutotokea. Kwa kiwango hicho, neno la shahidi mmoja linaweza kunifutia usajili. Sasa umwekee mtu wa kumwambia miezi yote "pole, tunakuamini", halafu useme kumbukumbu zake zimebaki vilevile?

Mchangiaji wa 2:
Hofu yako ina jibu, dada. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya huko, katika shauri la Momodou, ilikataza kumfundisha shahidi ushahidi wake, ila iliruhusu kumzoesha utaratibu: nani anakaa wapi, nani anauliza kwanza, asipoelewa swali afanye nini. Ilikuwa kesi ya jinai, lakini mstari ule unafaa hapa pia. Msaidizi asiguse kilichotokea, basi.

Mchangiaji wa 3:
Mimi niliwahi kuwa shahidi wa namna hiyo. Sitataja wapi wala nani. Maswali ya wakili wa utetezi yalikuwa makali, lakini niliyatarajia. Kilichonimaliza ni ukimya wa kabla. Unaandika maelezo, unayasaini, kisha hakuna anayekwambia kitu. Siku yenyewe ndipo unagundua kwamba hoja moja kati ya zako iliondolewa kwenye mashtaka zamani. Wakili hakuhitaji kunifundisha. Barua tu ingetosha!

Mleta mada:
Hapo ndipo pa kukazia. Kanuni za jopo zina pazia la kumkinga shahidi, ushahidi kwa video, na katika tuhuma za ngono mtuhumiwa haruhusiwi kumhoji yeye mwenyewe mtu anayedai kutendewa, mtu huyo asiporidhia. Lakini hayo yamefungwa kwenye makundi ya mashahidi walio hatarini: watoto, wenye maradhi ya akili, wanaotishwa. Baba aliyefiwa na mwanawe wodini, yeye mwenyewe mzima wa afya, haingii moja kwa moja popote. Na wengi wanaolalamika ni watu kama yeye. Wengine ni wazee waliotendewa vibaya na mhudumu wa ustawi wa jamii, ambao bado wanahitaji huduma hiyohiyo kesho. Wakili simtaki, angegeuza shauri kuwa la pande tatu. Nataka mtu wa kueleza, kufuatilia, na kusoma naye uamuzi ukitoka, maana uamuzi wenyewe huandikwa kwa lugha ya mawakili.

Mchangiaji wa 1:
Kueleza na kufuatilia, nakubali. Barua pia. Lakini shahidi akimsimulia msaidizi tukio zima, na simulizi ikatofautiana na maelezo aliyosaini, je, wakili wangu aruhusiwe kuyaona hayo mazungumzo? Mkisema ni siri, mmenipotezea utetezi. Mkisema si siri, hakuna shahidi atakayefungua mdomo. Hapo bado sijashawishika.