Umetia kifaa kipya na kwodi ndo ikagoma kabisa: tupeane uzoefu

Chumvi_Tupu (Kiwengwa)
Assalaam aleykum. Juzi magharibi natoka Kinyasini, nikamkuta kijana anasukuma kwodi, ile pikipiki ya matairi manne, peke yake, jasho linamchuruzika, miwani ya wageni bado ipo kichwani. Nikasimama kumpa mkono. Nikamuuliza, umebadilisha nini? Akanitazama kama nimemroga. "Umejuaje? CDI, jana tu." (CDI ni kile kiboksi cha umeme kinachoamrisha plagi itoe moto lini.)

Nimejuaje? Yalinikuta. 2019 nilikuwa natembeza wageni na kwodi tatu za injini ya cc 150, moja ikawa inazima ikishapata joto. Fundi akasema koili za ndani ya magneti, zinazozalisha umeme wa moto, zimechoka. Sawa, tukafungua, tukatia mpya, tukafunga. Kupiga stata, eksozi ikalipuka kama fataki za Idi, kuku wa jirani hatukuwaona mpaka asubuhi. Plagi ina moto, petroli ipo, kabureta nimeisafisha mara mbili, na mashine haishiki. Siku mbili nzima, na wageni nimeshawarudishia pesa.

Siku ya tatu nikafungua magneti mwenyewe. Kile kikabari cha nusu mwezi kinachoishika magneti kwenye shafti kimekatika! Fundi alikaza nati kwa kukisia, magneti ikateleza upana wa ukucha tu, basi moto wa plagi ukawa unakuja saa si yake. Kikabari chenyewe bei yake haifiki bakuli la urojo.

Haya, na nyie semeni.

Babu_Wa_Vespa
Vespa yangu ina platini, kile kiswichi cha chuma cha zamani kilichokuwa badala ya CDI. Ikigoma nasugua kwa msasa, naenda msikitini. Hizo CDI mmejitakia wenyewe.

Dada_Wa_Paje
Mie nilibadilisha plagi tu. Plagi moja! Kutoka asubuhi mpaka alasiri haiwaki, nimeita mafundi wawili, wa pili keshaanza kufungua kabureta. Mtoto wa dada yangu wa darasa la tatu akaja akauliza, "Khaloo, hiki chekundu mbona kimebonyezwa?" Kitufe cha kuzimia, kwenye usukani. Nilikibonyeza kwa kiwiko nilipoinama kufungua plagi.

Kisiki_Cha_Mpingo
Hilo la kitufe chekundu mie pia. Msiniulize zaidi.

Karafuu_Mbichi (Wete)
Salaam ndugu zangu. Mada imenikuta nimo ndani ya shida yenyewe. Nina kwodi ya 110, nabebea karafuu kutoka shamba hadi majamvini. Ilianza kukata moto njiani. Nikaagiza CDI, ikaja na boti. Nimeitia, stata inazungusha vizuri, haiwaki. Nikatia koili mpya, ile ya kupelekea plagi moto. Haiwaki. Plagi mpya, haiwaki. Jana nimebadilisha na swichi ya ufunguo. Plagi nikiichomoa ni kavu na haina moto hata chembe. Nifanyeje?

Chumvi_Tupu (Kiwengwa)
Vitu vinne kwa mpigo! Sasa utajua vipi mbovu ni kipi? Zile za zamani umezitupa?

Karafuu_Mbichi (Wete)
Zipo kwenye pakacha.

Tairi_La_Nne
Pemba mna kwodi siku hizi? Mashaallah.

Mshamba_Wa_Konde
Tuna na vyoo pia. Endelea na mada.

Fundi_Kimya (Amani)
Wewe wa Wete, nisikilize, na usinunue kitu tena. CDI ziko namna mbili. Moja inakula umeme wa koili ya ndani ya magneti, hiyo betri hata ikifa ukipiga kiki inawaka. Ya pili inakula volti 12 za betri. Maboksi yanafanana, soketi zinafanana, hata dukani zimewekwa kapu moja. Ukitia ya betri kwenye mashine ya magneti haitoi moto, tena unaweza kuichoma, maana koili ile ikizunguka inatoa umeme mkubwa kuliko 12.

Chukua mita. Kwenye soketi ya CDI tafuta waya mweusi wenye mstari mwekundu. Fungua ufunguo bila kupiga stata, pima umeme wa betri (DC). Ukipata 12, mashine yako ni ya betri. Ukipata sifuri, hamisha mita kwenye umeme wa AC, yaani wa magneti, mtu akupigie stata. Zikipanda volti makumi kadhaa, ni ya magneti. Rangi hizo ni za Wachina wengi, lakini kama ilishapita kwa fundi wa mtaani mwenye waya za spika, Mungu akusaidie.

Gia_Mbili
Maneno mengi. Vuta waya kutoka betri uipe CDI moja kwa moja, itawaka. Nimefanya mara nyingi.

Fundi_Kimya (Amani)
Zile za betri, ndio. Ya magneti ukiipa 12 inakutazama tu. Usimpotoshe mwenzio, yuko ng'ambo ya bahari huyo, kila kifaa kinasubiri boti.

Gia_Mbili
Mimi nina miaka kumi gereji.

Fundi_Kimya (Amani)
Na mie sijasema huna.

Mlinzi_Wa_Bwejuu
Mnagombania CDI, mie nikupeni la koili. Nina hadithi ambayo nikiikumbuka mpaka leo tumbo linakata.

Nilikuwa nafanya kazi kwa bwana mmoja pwani ya mashariki huku, jina tuliache. Usiku tukabadilisha koili ya kwodi moja. Mie kwa ujanja wangu, kwa vile chumvi inakula kila kitu, nikasugua lile bamba koili inapofungwa, nikalipaka rangi ya kuzuia kutu, tabaka mbili, likang'aa. Asubuhi tukapiga stata, ikawaka. Nikajisifu.

Saa nne nikatoka na mgeni mmoja, babu wa Kijerumani, kilo mia na kitu. Maji yametoka mbali, wenyewe mnajua bamvua la huku, unatembea mpaka karibu na mwamba. Babu anataka picha kule nje. Tukaenda. Picha kapiga. Kupiga stata: kimya cha moto. Inazunguka tu, ng'ongo, ng'ongo, ng'ongo. Nikapiga mpaka betri ikachoka. Nikabadilisha plagi ya akiba. Wapi. Nikasikia sauti ile ya mwambani imebadilika, nikageuka, maji yanarudi. Na bamvua halirudi kwa miguu, linarudi linakimbia. Nimeinama dakika chache, mchanga ulokuwa mkavu sasa maji yako kwenye fundo la mguu.

Nikaweka gia huru tukasukuma, mie na babu. Tairi zinazama. Babu kavua viatu kavishika mkononi kama anakwenda kutawadha. Maji yakafika kwenye bomba la eksozi. Nikaanza kulia, wallahi, si kwa kuogopa kufa, naogopa bei ya ile kwodi.

Wakatuona kinamama waliokuwa wakitoka kwenye mwani. Wakatua magunia yao, sita wale, wakashika. Mmoja mtu mzima ananisukumia huku anasema, "Mwanangu, punda wangu haulizwi plagi." Tukaitoa.

Ufukweni pale alikuwepo mzee anatengeneza mashine ya boti. Akaja, hata hakuuliza. Akaigusa koili, akacheka. "Nani kapaka rangi hapa?" Nikanyamaza. Akatoa kisu, akakwangua rangi chini ya koili na kwenye bolti mpaka chuma kikaonekana, akakaza. Koili ile haina waya wa athi, yaani wa kurudisha umeme kwenye chuma cha mashine, athi yake ni lile bamba lenyewe. Asubuhi ilikuwa inapitisha kwenye nyuzi za bolti tu. Mtikiso wa mchangani ukailegeza, habari ikaisha. Moto ukaja wa buluu. Lakini hatukuiwasha, mzee alikataa: maji yameshaingia. Oili tulipoimwaga ilitoka kama chai ya maziwa. Tukaimwagia maji baridi kila pahala kutoa chumvi, oili mpya mara tatu. Mshahara wangu ulikatwa miezi miwili.

Dada_Wa_Paje
Khaa! Na babu?

Mlinzi_Wa_Bwejuu
Babu alifurahi! Kasema ndo siku nzuri kuliko zote za safari yake.

Mwani_Na_Kamba
Wewe unachekesha watu, lakini nyie wa kwodi ndio mnaotukatia kamba na kung'oa vigingi vyetu. Mwani unalimwa huko mnakopigia picha. Wale kinamama waliokusukuma, uliwapa nini?

Mlinzi_Wa_Bwejuu
Mama, nilipita palipo wazi. Na babu aliwapa pesa, naapa.

Mwani_Na_Kamba
Babu kawapa. Wewe je?

Tairi_La_Nne
Hapo kakushika.

Mlinzi_Wa_Bwejuu
Niliwapelekea sukari na mchele Ramadhani ile. Basi, mnataka risiti?

Kisiki_Cha_Mpingo
Hiyo ya rangi nimeikopi. Kwangu nimepaka wiki iliyopita. Naenda kukwangua sasa hivi.

Gia_Mbili
Rangi haina shida, ukivuta waya wa athi peke yake mpaka kwenye injini. Bora kuliko kukwangua, ukikwangua kutu inarudi mwezi huo huo.

Fundi_Kimya (Amani)
Hapa nakubaliana na wewe.

Gia_Mbili
Hatimaye.

Sauti_Ya_Mkokotoni
Mie ilikuwa kofia ya plagi. Nimetia koili mpya, kofia ile ile ya zamani. Ndani imeoza kijani. Kofia inafunguka kwa kuzungusha, unakata waya kidogo upate shaba mpya, unaizungushia tena. Dakika mbili. Nilikuwa nimeshapoteza wiki.

Babu_Wa_Vespa
Msisahau kuisomea.

Karafuu_Mbichi (Wete)
Nimepima. Ufunguo wazi, waya mweusi wa mstari mwekundu: sifuri. Mtoto kapiga stata, mita kwenye AC: inapanda hadi 60 hivi. Nimeigeuza CDI mpya, nyuma kwa maandishi madogo mno imeandikwa DC. Muuzaji kaniambia zote sawa!

Fundi_Kimya (Amani)
Basi ndo hilo. Rudisha ile ya kwenye pakacha. Kama bado haina moto, chomoa kwenye CDI ule waya mweusi wa mstari mweupe. Huo ukigusa athi unazima mashine, ndo kazi yake. Ukiuchomoa na moto ukaja, basi mbovu ni swichi au kitufe. Lakini angalia, ukiwa umeuchomoa ufunguo hautozima injini, kaa karibu na uurudishe ukitaka kuzima. Usimwachie mtoto.

Chumvi_Tupu (Kiwengwa)
Na kama utafungua magneti, ile nati ikaze sawasawa. Nasema tena.

Mshamba_Wa_Konde
Mimi nipo Konde, mita ninayo na CDI ya magneti ninayo ya akiba. Ukikwama nijie.

Karafuu_Mbichi (Wete)
Nimerudisha CDI ya zamani. Hamna moto. Nimechomoa mweusi wa mstari mweupe. IMEWAKA! Kumbe ni swichi ya ufunguo, hii mpya niliyoitia jana. Nimerudisha swichi ya zamani, waya nimeuchomeka, inawaka na inazima vizuri.

Tairi_La_Nne
Subiri. Kwa hiyo umerudisha CDI ya zamani, swichi ya zamani, na inawaka. Ile ya kukata moto njiani ilikuwa nini basi?

Karafuu_Mbichi (Wete)
Nadhani plagi. Au kofia yake, ilikuwa imeoza kijani kama alivyosema wa Mkokotoni. Nimekata waya.

Dada_Wa_Paje
Allah, nimecheka mpaka machozi.

Gia_Mbili
Karafuu, hiyo CDI ya DC unaiuza? Mie natafuta.