Tupeane uzoefu: kiumbe gani amekuvutia hapo nyumbani kipindi hiki cha joto?

Wakuu, habari za joto.

Tukitaja wanyama, akili za wengi wetu zinakimbilia tembo na simba. Lakini jua likishakuwa kali, viumbe wadogo wanatusogelea hadi mlangoni, maana nao wanahangaikia maji na kivuli kama sisi. Naomba kila mtu aeleze alichokiona kwa macho yake.

Naanza mimi. Bomba la uani kwetu linavuja kidogo, na mchana nyuki hawakosekani pale penye unyevu. Nilichuchumaa kuwatazama. Nyuki anatua, anainamisha kichwa, ananyoosha ulimi, tumbo linacheza likipanuka na kusinyaa, halafu anaruka. Wote wanaelekea upande mmoja. Maji yale si ya kiu yake peke yake. Anayafikisha mzingani, wenzake wanayatandaza kwenye masega na kupepea kwa mabawa mpaka yakauke, na mzinga unapoa. Majana (watoto wa nyuki) hukua vizuri kwenye nyuzijoto 34 hadi 35 hivi, kwa hiyo siku za jua kali wabeba maji wanakuwa na kazi kubwa. Tangu nijue hilo, simfukuzi nyuki yeyote pale bombani.

Mdau:
Mimi ni kunguru. Saa nane mchana anakaa kwenye tawi la ndani, mdomo wazi, koo linapwitapwita. Mwanangu alidhani anaumwa. Nikamwambia ndege hawana tezi za jasho, kwa hiyo wanapoza mwili kwa kuhema, unyevu wa mdomoni na kooni ukauke na kuondoka na joto. Siku hizi yeye ndiye anayeniita, "Baba, njoo umwone anahema!"

Mdau mwingine:
Kereng'ende! Karibu na kidimbwi kuna mmoja anapenda kukaa juu ya kijiti kikavu. Asubuhi amelala sawasawa. Jua likifika utosini anainua mkia taratibu mpaka anasimama wima, ncha ikielekea juani. Akikaa hivyo, jua linampata sehemu ndogo tu ya mwili. Wingu likipita anaushusha. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa mkononi. Mdudu mdogo namna ile anajua jua liko wapi na anajigeuza kulifuata! Kwangu hilo linashinda mengi niliyowahi kusafiri kwenda kuyaona.

Mdau:
Usiku je, mbona mnausahau? Taa ya nje ikiwashwa, mjusi kafiri yuko tayari ukutani, na wa kwetu ana kona yake. Mtazameni macho. Hana kope za kufumba, kwa hiyo vumbi likimwingia anatoa ulimi na kulamba jicho lenyewe. Naomba msiwaue, wanatupunguzia wadudu bure kabisa.

Mdau:
Naunga mkono usiku. Sikilizeni nyenje. Wanaoimba ni madume, wanasugua bawa kwa bawa. Mwili wa mdudu hufuata joto la hewa, kwa hiyo usiku wa joto mlio unakuwa wa haraka, na ukipoa unazorota. Mwaka 1897 mwanafizikia wa Marekani, Amos Dolbear, aliandika kanuni ya kukadiria joto kwa kuhesabu milio hiyo. Kuna njia yake ya mkato: hesabu milio ya sekunde 8, jumlisha 5, unapata nyuzijoto za Selsiasi. Inakubali zaidi kwa aina fulani ya nyenje wa mitini wa huko Amerika Kaskazini. Wa kwenu wanaweza kuwa na mwendo wao, ila tofauti ya usiku wa joto na usiku wa baridi mtaisikia tu.

Mdau:
Mleta mada, mimi nina watoto wadogo na hao nyuki wa bombani wananitia hofu. Nifanyeje?

Mleta mada:
Dada, hofu yako ni ya haki. Nyuki aliye mbali na mzinga wake, anakunywa maji, kwa kawaida hana ugomvi mpaka akanyagwe au abanwe. Watoto wavae viatu wakienda upande huo. Halafu wawekee maji yao mbali na njia: sahani pana isiyo na kina, ndani yake mawe yanayochomoza juu ya maji ili wapate pa kutua wasizame. Iweke mapema kabla hawajazoea bomba, kwa sababu wakishazoea chanzo kimoja ni vigumu kuwahamisha. Na maji uyamwage na kubadilisha kila baada ya siku mbili tatu. Penye joto, yai la mbu linaweza kufikia kuwa mbu kamili kwa wiki moja hivi, na hao hatuwaaliki.

Mdau:
Sahani ya mawe nimeweka jana. Nyuki bado, ila kipepeo mmoja ameshatua. Nitaleta mrejesho.