Kukhu (nyanya yangu) ana chakula tele lakini hali. Nimlete Nakuru?

Mjukuu_Malava: Hamjambo. Niko Nakuru, kukhu yangu yuko Malava, miaka 89. Kuka (babu) alituacha mwaka juzi. Pesa natuma kila mwezi, na ile 2,000 ya Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, huingia (ikichelewa, huchelewa kweli). Juzi nilifika bila kumwambia. Omena (dagaa) nilizotuma Aprili bado zimefungwa. Mayai huwagawia watoto wa jirani. Mchana alikunywa chai ya rangi na kipande cha ugali wa jana, akasema ameshiba. Sketi ameikaza kwa pini mbili. Nimlete huku ama nitafute msichana wa kazi?

Nyar_Kisumo: Pole. Usikimbilie kumhamisha. Mama yangu tulimleta Kisumu, orofa ya tatu. Alishinda dirishani akihesabu boda. Baada ya miezi miwili aliomba nauli. Halafu mwangalie meno. Wetu alikataa nyama tukasema ni uzee, kumbe ufizi umevimba.

Bonde_la_Ufa: Mlete. Kijijini anaangaliwa na nani?

Daktari_wa_Mashinani: Kukonda bila kutaka si uzee, apimwe. Nendeni na dawa zake zote, kwa sababu nyingine huondoa hamu ya kula. Mzee pia hahisi kiu vizuri, kwa hivyo asingoje kiu ndipo anywe. Chai ya rangi isiandamane na chakula, inazuia madini ya chuma. Omena zisage, uchanganye kwenye mboga ya mrenda. Unateleza, hauhitaji meno. Uji wa wimbi uwekewe maziwa au njugu za kusaga.

Mama_Shinyalu: Yote sawa, lakini nani atakula naye huo mrenda? Mtu aliyezoea kusongea watu kumi hawezi kuwasha moto kwa sababu ya mdomo mmoja. Hao watoto wa mayai ndio dawa yako. Ongea na mama yao, unga utoke kwako, jioni wale kwa kukhu. Hawezi kuwapakulia akabaki kuwatazama.

Mjukuu_Malava: Asanteni. Mama wa hao watoto amekubali, ameomba sukari tu. Meno na dawa ni Jumanne, binamu atampeleka. Nimempigia kukhu kumwambia atakuwa na wageni wanne kila jioni. Kitu cha kwanza ameuliza ni ile sufuria kubwa iko wapi. Iko kwangu, niliibeba baada ya matanga. Naipakia kwa matatu kesho asubuhi.