Eti "hata mimi nachoka"!! Yule dokta mnamjua, leo kanimaliza

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira sijui niziweke wapi. Ndiyo kwanza natoka kwa yule dokta, yule yule wa miwani juu ya paji la uso, sina haja ya kumtaja maana kila mwenye ugonjwa wa uchovu sugu humu kashapita mikononi mwake akatoka analia. Naandika nimelala, simu nimeiegemeza kwenye mto, na najua kesho mwili utanidai huu uzi, ila nisiposema leo napasuka.

Nimemweleza vizuri kabisa, kwa heshima zote. Dokta, mimi nikioga na kuosha nywele siku moja, kesho yake sinyanyuki, koo linauma, tezi za shingo zimevimba, mwanga wa dirishani unanichoma macho, kichwa kimejaa ukungu nasahau hadi jina la mtoto wa dada yangu. Dokta, siyo usingizi, nalala naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Jicho moja kwangu jingine kwenye simu yake, halafu akaegemea kiti akapiga mwayo, MWAYO wakuu, nimeona mpaka jino la mwisho, akasema: "Hata mimi nachoka."

HATA MIMI NACHOKA!!!

Yaani ningekuwa na nguvu ile meza ingekuwa imetua barabarani saa hizi. Wewe unachoka, unaendesha gari unarudi nyumbani, unakula, unalala, asubuhi uko freshi. Mimi nachoka mpaka kope. Eti hata yeye!

Haikuishia hapo. Akachukua karatasi akaigeuza nyuma akanichorea ngazi. Daraja la chini kutembea dakika tano, la pili kumi, la tatu kumi na tano, na kule juu kabisa akachora kijitu cha vijiti kimenyoosha mikono hewani, akakitazamaaa, akaona hakijakamilika, akakiwekea tabasamu. Eti kila wiki panda daraja moja, mwili utazoea, shida yako umeuogopa mwili wako. Nikamuuliza na nikizidiwa je? Akasema usiusikilize, wewe panda tu. Huyu ndiye mtu aliyetoka kupiga mwayo mbele yangu na kusema hata mimi nachoka!

Sasa hiyo ngazi mnajua imetoka wapi? Ni ule utafiti wa Uingereza unaoitwa PACE, ulitoka kwenye jarida la The Lancet 2011, wagonjwa 641, pesa za umma mamilioni ya pauni, mpaka wizara yao ya kazi na pensheni imechangia. Wakatangaza mazoezi ya kuongeza kidogo kidogo yanasaidia, na tiba ya maongezi ya kukubadilisha fikra inasaidia, 2013 wakaja na nyingine kwamba asilimia 22 ya waliopewa hizo tiba wamepona kabisa. Wamepona vipi? Shikeni hapa. Ili uingie kwenye utafiti alama zako za uwezo wa mwili zilitakiwa ziwe 65 kushuka chini, yaani wewe ni mgonjwa. Mpango wao wa mwanzo ulisema aliyepona awe na 85 kwenda juu. Baadaye wakaishusha mpaka 60. Kwa hiyo unaingia na 65 unatoka na 60, umezidi kuumwa, na kwa kipimo hicho umehesabiwa sawa na aliyepona!! Nani kawafundisha hesabu hawa? Halafu kila mgonjwa anajua kapewa tiba gani, anaambiwa hii tiba nzuri, mwisho anapewa fomu ajaze anajisikiaje. Kile kifaa cha kuvaa kinachoonyesha mtu anatembea kiasi gani walikitumia mwanzoni, kwenye kupima matokeo wakakiacha.

Mgonjwa mmoja wa Australia akaomba data, chuo kikuu cha Queen Mary cha London, kile cha watafiti wenyewe, kikapambana naye mpaka mbele ya baraza la rufaa, 2016 kikashindwa. Data zikapigiwa hesabu upya kwa vigezo vyao wenyewe vya mwanzo, waliopona kwa tiba ya maongezi asilimia 7, kwa mazoezi 4, walioachwa na huduma ya kawaida tu 3. Hiyo tofauti kitakwimu haina maana. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliyaondoa hayo mazoezi kwenye ushauri wake 2017. NICE, wale wanaoandika miongozo ya matibabu ya Uingereza, Oktoba 2021 wakasema mgonjwa wa ugonjwa huu asipewe mazoezi ya kupandishwa hivyo. Na wangu bado anachora kijitu! Anakiwekea tabasamu!

Hata mimi nachoka. Jamani.

Kobe_Mzito: Pole sana dada ila hicho kijitu kimeniua 😂 mimi nilijua nimechorewa peke yangu. Changu kina kofia.

Jembe_Halilali: Uzi mrefu hivi umeandikwa na mchovu? Mimi nikichoka hata "sawa" siandiki. Amka asubuhi kimbia kidogo, oga maji ya baridi, uvivu hauna sindano.

Mleta uzi: Jembe nimeandika mistari miwili napumzika, mistari miwili napumzika, na nitayalipia. Hapo kwenye 60 na 65 umepasoma au umeishia kwenye kichwa cha uzi? Wewe na yule dokta mmezaliwa tumbo moja.

Mama_Wawili: Jembe hayo maneno yapeleke kwingine. Mwanangu alikuwa anacheza mpira, akapata virusi vya kawaida tu, hakurudi tena kuwa yule. Tukaambiwa asidekezwe apelekwe mazoezini. Alienda kwa miguu yake, miezi ikapita akawa wa kubebwa kwenda chooni. Nikiona mtu anachora ngazi nasikia kichefuchefu.

Mizani: Tuwe na haki lakini. Wale watafiti wa PACE wanautetea utafiti wao mpaka leo na The Lancet haijaufuta.

Mleta uzi: Ndiyo uchungu wenyewe huo, haijaufuta! Na siyo mara ya kwanza. Hospitali ya Royal Free pale London 1955 waliugua ugonjwa wa kufanana na huu wetu watu karibu 300, wengi wahudumu wa hospitali, 1970 wakatokea madaktari wawili wakasema ilikuwa histeria ya kundi, moja ya hoja zao eti wagonjwa wengi walikuwa wanawake. Walipitia mafaili, wagonjwa wenyewe hawakuwahoji. Angalau hawakuwapigia mwayo usoni. HATA MIMI NACHOKA!

Kipandauso_Sugu: Nyie wa uchovu mna nafuu bwana, mna mpaka miongozo. Mimi kichwa kinanipasuka upande mmoja natapika gizani naambiwa "punguza mawazo". Nipunguzie wapi?

Shosti_Nyonga: Nafuu?? Mimi nina endometriosisi, ile nyama ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake. Niliambiwa zaa yataisha. Nimezaa. Hayajaisha, na sasa nina mtoto wa kumkimbiza nikiwa na maumivu.

Kipandauso_Sugu: Hapa hatushindani. Ila tukishindana nimeshinda mimi.

Mleta uzi: Jamani turudini kwenye mada, mtu kapiga MWAYO!

Karatasi_Tupu: Mimi kero yangu mwandiko. Mfamasia kashindwa kusoma, akampigia dokta mwenyewe, dokta akasema mrudishe huyo mtu nami sijui nimeandika nini.

Kobe_Mzito: Wako anaandika? Wa kwangu anachapa kwenye kompyuta na kidole kimoja, herufi ya K anaitafuta mpaka mgonjwa unamwonyesha.

Jembe_Halilali: Bora huyo wa kidole kimoja. Wanaochapa haraka wanakopi maelezo ya mtu mwingine. Mimi mwanaume mzima karatasi yangu iliandikwa nina mimba ya wiki kumi na mbili, anakuja nesi ananiuliza kama nimeanza kliniki.

Shosti_Nyonga: 😂😂😂 weka picha ya karatasi

Jembe_Halilali: Niliirudisha wabadilishe.

Karatasi_Tupu: Hakuna karatasi hapo, muongo wewe.

Mama_Wawili: Wiki kumi na mbili ndiyo maana anashauri watu mazoezi mepesi.

Jembe_Halilali: Mama heshima yako tafadhali.

Kobe_Mzito: Moderata muhamishe Jembe jukwaa la uzazi, asije akajifungulia humu.