Wii, Move na Kinect: ni ipi inayosoma mwendo vizuri zaidi?

Swali: Ndugu wanajukwaa, kwa nini vifaa vya michezo ya video vya Wii ya mwaka 2006, PlayStation Move na Kinect, ambavyo vyote husoma mwendo wa mchezaji, hutofautiana sana katika usahihi?

Jibu: Rimoti ya Wii ilipima mchapuko wa mkono (yaani mabadiliko ya kasi yake), huku kamera yake ndogo ikitazama taa za infraredi zilizowekwa karibu na televisheni, ndiyo maana mtikiso mdogo wa kiganja uliweza kuhesabiwa kuwa pigo kamili la raketi. MotionPlus, kifaa cha nyongeza cha rimoti hiyo cha mwaka 2009, iliongeza jairoskopu (kihisi cha mzunguko), na mzunguko wa mkono ukaanza kusomwa ipasavyo. Hata hivyo, mimi naipendelea Move ya mwaka 2010, kwa sababu kamera hukadiria umbali wa mkono kutokana na ukubwa wa tufe linalong'aa kwenye ncha ya rimoti yake.

Jibu: Kwa michezo ya dansi naichagua Kinect, ambayo huusoma mwili mzima bila kifaa mkononi, ingawa ucheleweshaji wake huudhi panapohitajika wepesi.

Muulizaji: Ahsanteni. Je, jairoskopu pekee inatosha kulenga shabaha?

Jibu: Inatosha, mradi kuwe na kitufe cha kurudisha mlengo katikati, kwani makosa yake madogo hujilimbikiza.